Bibi wa Kuazima

Tunduru,
11 Februari 2024

Dada Justa,

Shikamoo. Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua, maana mwandiko wangu hujauona tangu tumzike Baba. Au niseme tangu mumzike, kwa sababu mimi nilifika udongo umeshasawazishwa. Mimi ni mzima. Shule inakwenda, mvua za huku ni nzuri mwaka huu, na kikohozi kilichokuwa kinanisumbua kimeniacha. Natumaini shemeji Revocatus mgongo wake umetulia. Nimetuma kwa sanduku la posta la parokia nikijua hukosi misa ya kwanza.

Sasa nina jambo. Mwalimu mwenzangu Alexander, ambaye kwao ni Mabatini, Mwanza, alirudi kutoka likizo na kalenda akaitundika ofisini, usawa wa meza yangu. Ukurasa wa Januari ulikuwa na familia moja imepigwa picha kwenye mawe ya ziwa. Niliipenda, niliona nyumbani. Ulipofika mwezi huu Alexander akafunua, na Mama akatokea.

Mama yetu, dada. Amekaa kwenye kigoda katikati ya watu nisiowajua: baba mnene wa suti ya bluu, mke wake, na watoto wanne waliovaa kitenge sare. Mama naye amevaa kile cha njano nilichomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Chini wameandika, "Familia ikiwa na bibi yao." Nikafunua mbele. Mei yupo, na familia nyingine. Agosti yupo. Novemba yupo, amezungukwa na wajukuu hata sikuwahesabu.

Mtoto alipokuja ofisini aliniuliza, "Huyu bibi ni wa nani?" Nikamwambia aende akacheze.

Nijibu wewe. Mama amekuwa bibi wa nani? Na anafanya nini huko ufukweni wakati nilimwacha Bujora? Mji wa Baba analala nani?

Usinitafute kwa simu. Laini ile niliizima, na hii ya sasa sijawa tayari kuitoa.

Mdogo wako,
Luhende


Kiseke, Mwanza,
2 Machi 2024

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba. Bahasha niliigeuza mara tatu, si mbili, na nililia kabla ya kuifungua, kisha nilipoisoma nikacheka, kisha nikakasirika. Revocatus alidhani nimefiwa. Mgongo wake uko vilevile, anaunung'unikia asubuhi na kuusahau mpira ukianza. Watoto wetu wote wamenizidi urefu. Ukimya wa miaka saba umeuvunja kwa kuniuliza kuhusu kalenda. Haya, nitakujibu kuhusu kalenda.

Hapa Kiseke tuna nyumba inaitwa Nyumba ya Wanaouguza. Watu wa visiwani na vijijini wakileta watoto wao kutibiwa saratani mjini, matibabu ni ya miezi, na zamani mama zao walikuwa wanalala kwenye korido na mabustani. Sasa wanalala kwetu. Mimi ndiye msimamizi. Kuiendesha ni kazi, kwa hiyo kila Jumamosi jioni, jua likilegea, familia zinakuja kwenye mawe ya ufukweni, zinapigwa picha nzuri, na mchango wao unaingia kwenye nyumba. Mpiga picha ni Jovinary, Mhaya mwenye studio pale Mabatini. Anajisifu mpaka samaki wanamsikia, lakini kazi anaijua na Jumamosi zake anazitoa bure. Kalenda uliyoiona anaichapa yeye kutokana na picha hizo, tunaiuza kwa ajili ya nyumba.

Siku moja nilikwenda na Mama apate upepo. Ikaja familia ya huyo wa suti ya bluu. Wazazi wao wote walishatangulia. Wakajipanga, Jovinary akawasogeza huku na kule, picha haikai. Mama akasema kwa sauti, unamjua, "Picha isiyo na mzee katikati ni picha ya wapangaji." Watu wakacheka, na yule bwana akaja akapiga magoti akamwomba awakalie katikati. Akakubali. Jumamosi iliyofuata wakaja wengine wakiuliza, "Yule bibi yupo?" Siku hizi wanaweka nafasi kwa ajili yake.

Ana sharti moja. Anakaa, anatabasamu, lakini mikono inabaki magotini pake. Hambebi mtoto, hamshiki mtu. Anasema uso anaazima, mikono haazimi.

Mji wa Bujora analala Machibya, mtoto wa baba mdogo. Mama yuko kwangu, ndivyo ilivyokuwa vizuri.

Sasa nami nina swali. "Mtoto alipokuja ofisini." Mtoto yupi, Luhende?

Dada yako,
Justa


Tunduru,
31 Machi 2024

Dada Justa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Leo huku kanisa lilijaa hadi nje, mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kukaa. Siku hizi sikai. Nikisahihisha madaftari naamka, nakwenda dirishani, narudi, nimesahau nilikuwa namsahihisha nani. Alexander ananiuliza kama nimelala juu ya siafu. Mpe pole shemeji.

Kazi ya Nyumba ya Wanaouguza nimeielewa na ni kazi njema, sina neno juu yake. Wala siwaonei wivu hao watu. Hapana, nafuta hilo, nawaonea wivu. Yule wa suti ya bluu alipiga magoti akapewa Mama jioni ileile. Mimi nilitoka Tunduru siku tatu barabarani, nikaingia msibani na vumbi la safari, na mbele ya watu wote Mama akasema, "Mgeni mwingine kafika, mpeni chai." Mgeni. Kwenye mji wa baba yangu. Uliyasikia, ulikuwa umekaa naye mkeka mmoja. Ndiyo maana niligeuza. Unapoandika kuhusu miaka saba ya ukimya, uandike na hilo.

Nimezitazama tena picha zote nne. Nimeona mikono, ni kweli iko magotini. Lakini nimeona na kitu kingine. Kila mtu anatazama kamera, Mama hatazami. Februari anatazama kushoto. Mei anatazama juu kidogo. Novemba amemgeukia mtoto mmoja ambaye mdomo uko wazi, kama vile anafuata sauti yake. Mama ninayemkumbuka alikuwa anakutumbulia macho hadi unaungama kosa ambalo hujalifanya.

Anatazama nini, dada?

Luhende


Kiseke,
20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa parokiani, katibu alidhani ni ya Justa wa kwaya. Hapa ni mvua tu. Ziwa limepanda limemeza mawe ya chini, yale tuliyokuwa tunapigia picha mwaka jana, na Jovinary sasa anawapandisha watu juu zaidi, mama mmoja wa visigino virefu karibu atutoke. Jumamosi mbili zimenyeshewa. Watoto wawili wa nyumbani kwetu wamemaliza dawa wakarudi Ukara, tuliwapigia makofi hadi getini. Mmoja hakumaliza. Mama yake yuko bado, hajui aondoke vipi na mabegi ya watu wawili.

Kuhusu picha, jua la jioni lilikuwa linamchoma Mama machoni.

Kuhusu msiba, niliyasikia, na sitakuambia hakuyasema. Aliyasema. Nilimuuliza mwaka ule, akaniambia nikapepete mchele. Sikumuuliza tena, na wewe hukuuliza hata mara moja, uliondoka. Ninyi wawili mmefanana mpaka mnaudhi.

Swali langu hukulijibu. Umeandika kurasa mbili kuhusu macho ya watu na hukuandika hata mstari mmoja kuhusu huyo mtoto. Mwalimu hamwiti mwanafunzi wake "mtoto" hivyo tu. Tufanye hivi, kwa kuwa tumekuwa kama watoto wanaofichana karanga: niambie la mtoto, nikuambie la jua.

Justa


Tunduru,
12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Hakuna habari za hapa. Nakwenda moja kwa moja kabla sijabadili mawazo.

Nina mke. Anaitwa Odeta, ni mwalimu wa darasa la kwanza, watu wake ni wa huku huku. Tuna mtoto wa kike, ana miaka sita, anaitwa Hellen. Ana meno mawili ya mbele yametoka na anasoma kila kibao anachokiona barabarani. Alizaliwa mwaka uliofuata msiba. Siku aliyozaliwa nilishika simu kuwapigia, nikajiuliza mgeni anapiga simu kuwaambia wenyeji nini. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na mwezi uliofuata zaidi. Sina maelezo mengine. Nina hasira na nina aibu na siku hizi sijui ipi ni ipi.

Tangu Februari Hellen anapita ofisini kumsalimia bibi wa kalenda. Ukurasa ulipofunuliwa Machi akalia, hadi Alexander akaurudisha Februari. Huku kwetu, dada, bado ni Februari.

Shule zikifungwa tutakuja. Sikiliza vizuri: tutakuja ufukweni, si nyumbani. Tutaandikishwa kama familia nyingine yoyote, kwa jina la Alexander, tutoe mchango, tuazime bibi. Nataka Hellen awe na picha amekaa na bibi yake, basi. Kama macho yake ni vile ninavyohofia, atanijua kwa sauti tu, kwa hiyo sitasema neno. Naye asiambiwe. Aliniita mgeni, nitakuja kama mgeni.

Nimelipa langu. Sasa la jua.

Luhende


Kiseke,
26 Mei 2024

Luhende,

Marahaba. Nimekuwa shangazi miaka sita bila kujua. Nimelisema jina la Hellen jikoni peke yangu, nikaunguza mboga. Mwambie Odeta ninamsalimu, na kwamba nimekukasirikia wewe, si yeye.

Si jua. Ni presha ya macho. La kushoto lilikwisha kabla hatujajua, alikuwa anaficha, anapapasa ukuta akisema anatafuta mjusi. La kulia linaona vivuli, na daktari hakutupa matumaini. Ndiyo maana nilimtoa Bujora, baada ya kuweka mkono kwenye sufuria ya moto. Sikukuandikia kwa sababu aliniapisha. Alisema, "Akija, aje kwa kuwa anataka kuja. Asije kunihurumia." Sasa nimevunja kiapo, na ninajisikia vibaya, na wakati huohuo nimelala usingizi kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Huo mpango wako siupendi. Nimeuzungukia kila upande na bado siupendi. Ni kumchezea mtu asiyeona. Lakini nikikataa hutakuja, nakujua. Jumamosi tarehe kumi na tano Juni, saa kumi na moja. Nitawakaribisha kama siwajui, na Mungu anisamehe. Usivae zile kofia zako, hata kwa kivuli atakujua.

Justa


Kiseke,
23 Juni 2024

Mdogo wangu Luhende,

Natumaini mmefika salama na Odeta miguu imepungua kuvimba kwa safari ile. Revocatus anawasalimu, amenuna kwamba mlilala hotelini Mwanza na yeye ana nyumba. Humu ndani picha yenu imo, Jovinary ameichapa kwa karatasi nzuri. Usiitazame kwanza. Soma.

Wewe uliyaona ya nyuma, nami nilikuwa mbele. Ulipokwenda kumshika mkono Odeta avuke yale mawe yenye utelezi, Hellen alitangulia mbio hadi kwenye kigoda. Akasema, "Shikamoo, bibi." Mama akaitika, akamuuliza jina. "Hellen." Mama akasema, "Hellen ni la kanisani. Nyumbani wanakuitaje?" Na mtoto akajibu, kwa sauti ileile anayosomea vibao, "Ng'washi."

Jina la Mama, Luhende. Ulimfundisha mtoto asiseme anatoka wapi, asiseme baba yake ni nani, ukasahau kwamba hakuna bibi wa Kisukuma anayeridhika na jina la ubatizo. Nami hukuniambia kwamba ulimpa jina lake. Ulikuwa hapo na hasira zako zote na ulimpa mtoto jina lake.

Nilidhani Mama atapiga kelele. Alinyoosha kichwa kidogo tu, kama anaposikia mvua inakuja upande wa ziwa. Mkafika, mkajipanga. Jovinary, asiyejua lolote, akakuambia, "Baba, mwekee bibi mkono begani, usiwe kama polisi." Ukaweka ncha za vidole. Picha ikapigwa. Nikawaletea chai kutoka kwenye chupa kama tunavyowapa wote, ukatikisa kichwa, ukaondoka na watu wako kabla jua halijagusa maji.

Nyumbani nikamwosha Mama miguu, akakaa kitandani, ndipo akasema, "Yule aliyesimama nyuma yangu anapumua kama baba yako akipanda kilima cha Bujora."

Nikaanza kujitetea. Akaninyamazisha. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nimeyarudia moyoni wiki nzima nisiyapoteze. "Amekuja kuchukua picha, ameichukua. Mimi picha ya nini, Justa? Siioni. Kilichokuwa changu pale ni sauti yake, na hiyo ameondoka nayo."

Halafu baadaye, nilipodhani amelala: "Siku ile ya msiba nilikuwa na hasira, ndiyo. Nilimngoja kaburi lisifunikwe, wanaume wakachoka, wakafunika. Lakini chai nilisema apewe, na nilikuwa nimemwekea. Aliondoka bila kuinywa. Na leo kwenye mawe tena hakunywa."

Sikupaswa kukubali ule mpango. Wewe hukupaswa kuufikiria. Basi, tumeshafanya.

Jana ilikuwa Jumamosi. Ilikuja familia kutoka Kisesa, watu wazuri, wakamwomba awakalie. Walikuwa wamemsubiri mwezi mzima. Mama akakataa. Nikamwambia wametoa mchango, ni kwa ajili ya watoto wagonjwa. Akasema atawapigia vigelegele kutoka pembeni lakini kwenye kigoda harudi. "Siazimwi tena," akawaambia. "Wenyewe wameshajitokeza." Jovinary karibu alie. Kamati ya nyumba yetu inataka maelezo na sijui nitawaambia nini.

Sasa itazame picha. Tazama mikono yake iko wapi.

Dada yako,
Justa


Tunduru,
14 Julai 2024

Dada Justa,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimeiona. Imemzunguka mtoto mikono yote miwili, vidole vimefungana mbele ya kifua chake kama kifungo. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yao na sikuona. Niliitazama ofisini, nikatoka nje nikazunguka uwanja wa mpira, nikarudi nikaitazama tena. Nimeitundika juu ya kalenda. Alexander akauliza, "Kumbe huyu bibi ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu. Ni mara ya kwanza nalisema hilo kwa mtu wa huku.

Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Barua hii ikikufikia, Jumapili itakayofuata nitapiga mkisharudi nyumbani kutoka misa ya kwanza. Usiniulize habari za safari, usiniulize chochote. Pokea, halafu mpe Mama simu. Na kabla ya hapo mchemshie chai, mimi pia nitakuwa nimeshika yangu.

Naogopa, dada. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya sentensi ya kwanza tangu jana, mimi mwalimu wa Kiswahili, naandika nafuta. Mwishowe nikamuuliza Ng'washi, bibi akipokea simu baba aanze na neno gani.

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, "Si unaanza na shikamoo?"

Luhende